Handispaiki ya Calder na Hebble: anzeni tunduni, si mkononi

Kila msimu wa boti ukianza, wanafika wageni Sowerby Bridge, kwenye mfereji wa Calder na Hebble, na hendeli mbili za chuma zinazong'aa na kipande kimoja cha paini kilichonunuliwa jana yake kwenye duka la mbao. Jamani! Kwenye mfereji huu wa Yorkshire, Uingereza, kuna loki, yaani vyumba vya maji vinavyopandisha na kushusha boti, na baadhi ya vilango vyake vya kupitishia maji bado vinainuliwa kwa handispaiki, yaani mti mgumu wa inchi 3 kwa 2 unaochomekwa kwenye tundu la gurudumu la chuma, unavutwa, unachomolewa, unachomekwa tundu linalofuata. Hendeli bebeni pia, maana vilango vingine haviendi bila hendeli. Lakini mti ndio unaowaumbua watu, kwa hiyo tuzungumze mti.

1. Mbao. Eshi (ash) kwanza, hikori (hickory) ukiipata, mwaloni ukikosa zote mbili; zote ni mbao ngumu. Eshi na hikori hupokea mshtuko bila kukatika ghafla. Mwaloni ni mgumu, ila hauvumilii kupigwapigwa kama hizo, na ukilowa karibu na chuma unaweka madoa meusi. Paini hapana. Kona zake zinapondeka ndani ya tundu, mti unaanza kuzunguka peke yake, na gurudumu limesimama pale pale.

Aliyewahi kuchagua mpini wa jembe anajua pa kutazama: nyuzi. Zifuate kwa kidole kutoka ncha hadi ncha. Zikitoka nje ya ubavu katikati ya safari, rudisha mbao; hapo ndipo itakapopasuka, kwa mshazari. Kifundo chochote katika theluthi ya chini ni sababu ya kukataa. Kwa eshi tazama pia pete za ukuaji: pete pana ni dalili njema, zilizobanana sana ni za mti uliokua kwa shida na mbao yake hukatika kama biskuti. Na uliza eshi imetoka wapi. Ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya eshi ulithibitishwa Uingereza mwaka 2012, na eshi iliyofia imesimama huwa dhaifu. Ya bei rahisi sana iulizwe maswali mawili.

2. Kipimo. Hapa ndipo kilio kilipo, vumilieni.

Mgeni anasikia "3 kwa 2", anakwenda dukani, anaomba 3 kwa 2, anapewa mbao iliyokwisha kurandwa. Inapendeza, laini, haina vibanzi. Lakini kipimo hicho ni cha mbao ilipotoka msumenoni. Randa imeondoa milimita tano au sita kila upande wa kipimo, kwa hiyo badala ya 75 kwa 50 ameshika kama 69 kwa 44. Anaichomeka, inaingia bila taabu, anafurahi. Kumbe ndiyo dalili mbaya. Mti uliolegea haushikwi na kuta za tundu. Unashikwa na kona mbili tu, moja juu mdomoni, nyingine chini ndani. Uzito wote wa kilango na wa mwili wake unakaa juu ya kona hizo. Zinapondeka, mti unalegea zaidi, anavuta kwa pembe mbaya zaidi, na siku moja unachomoka huku ameuegemea kwa kifua. Nyuma yake kuna ukingo wa loki.

Wa pili ana kosa la kinyume. Mti wake ni mnene, kwa hiyo anachukua msumeno na kukata bega la mraba ili ncha iingie. Nguvu inayovunja mti ni kubwa kuliko kote pale mdomoni mwa tundu, na yeye ndipo alipoukata. Ufa unaanzia kwenye kona ya bega na kupanda na nyuzi.

Fanyeni hivi. Nunueni mbao ya msumeno isiyorandwa, kavu, urefu wa futi 3 na ushei. Randeni kidogo kidogo upande mmoja mmoja, mkijaribu tunduni, mpaka ncha iingie kwa kusukuma na mkono bila nyundo. Acheni unene wote uendelee juu ya mdomo wa tundu kwa shibiri nzima, ndipo mwanze kuupunguza taratibu kuelekea mkononi, mpaka uwe mviringo unaoshikika. Vunjeni kingo zote kwa tupa. Mti wa eshi wa kipimo hiki una kama kilo mbili na nusu. Ukiupunguza vizuri mkononi hata bega litashukuru.

3. Mafuta ya kitani, mara mbili au tatu, yakauke kati ya mara na mara. Vanishi inateleza ikilowa.

4. Kuvuta. Chomeka hadi mwisho, simama kando ya njia ya mti, vuta kuja chini kwa uzito wa mwili, subiri kizuio, yaani ulimi wa chuma unaozuia gurudumu lisirudi nyuma, kidake jino, ndipo uchomoe. Kushusha kilango: chomeka, beba uzito kwanza, ndipo uinue kizuio, shusha hatua moja, rudisha kizuio. Mwenye haraka huinua kizuio kwa mguu huku mti ukining'inia tunduni. Gurudumu linarudi kwa kasi, na mti unapita pale kidevu chake kilipokuwa.

5. Kamba ya kufungia mti mkononi: msithubutu, kwa sababu hiyo hiyo.

6. Msirefushe mti kwa bomba kilango kikigoma. Takataka zimekwama chini, au kizuio hakijaachia. Tazameni kwanza.

7. Pakeni rangi ya chungwa upande wa mkono. Eshi kavu huelea, na rangi itaonekana kwenye maji ya kahawia. Hendeli ya chuma ikianguka, kwaheri.

8. Bebeni miwili. Ule wa akiba uwe umekwisha kurandwa na kujaribiwa tunduni. Mara nyingi "akiba" tunayoonyeshwa ni ubao mbichi chini ya kitanda, na randa imebaki nyumbani.