Mnazi Ulioota Wenyewe

Mhariri, juma hili mmetuuliza: "Kwa nini nyumba za mashambani kwenu zimekaa zilivyokaa?" Najua wa bara watataja mito na miinuko. Mimi wa Kisauni, Mombasa, mwenye asili ya Rabai, nitataja mti: mnazi.

Wazee wetu hawakuanza kwa kutawanyika. Wamijikenda, yaani jamii tisa za pwani ya Kenya, waliishi kaya, kijiji kilichobanana katikati ya msitu, na makonde yakawa nje. Mtu alikubali kwenda mwendo mrefu na jembe begani ili usiku alale salama. Kadiri hatari zilivyopungua katika karne ya 19, na nafaka ikapata wanunuzi Mombasa, watu walitoka wakajenga huko huko walikolima. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Baadhi ya misitu hiyo imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, na watalii hupelekwa kuitazama, lakini mimi nawafuata waliotoka.

Aliyetoka alipanda mnazi, na mnazi ukamfunga. Mnazi wetu mrefu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huzaa hata miaka 60, kwa hivyo anayeupanda anawapangia wajukuu mahali pa kukaa. Kisha kuna mgema. Huyu hupanda asubuhi na hupanda jioni, akate upya ncha ya shada la maua na ateremshe tembo, pombe ya mnazi. Hawezi kuwa na mti ulio mwendo wa saa nzima kutoka kitandani pake! Ndiyo maana ukipita Rabai na Kaloleni huoni kijiji chenye katikati. Kila boma lina minazi yake, na chini yake muhogo na kunde, kwa kuwa kivuli cha mnazi hakiziui. Hata urithi hufuata mti: mtu aweza kurithi minazi iliyosimama kwenye ardhi isiyo yake.

Na hapo ndipo penye ugomvi. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Kisauni na Likoni, mashamba mengi yalikuwa ya matajiri wa mjini na yalilimwa na watumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati, iliyotaka kila mwenye kudai ardhi ya mwambao ajitokeze na ushahidi wake. Waarabu na Waswahili wenye uwezo walipata hati; ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali; mlimaji, aliyejua mpaka wake kwa miti tu, akabaki skwota, mkaaji wa ardhi isiyo yake. Mwenye shamba alimwachia alime mahindi na muhogo, ajenge kibanda cha udongo na makuti, alipe kodi kidogo. Mti wa kudumu alimkataza. Mahindi huvunwa yakasahaulika, mnazi husimama ukatoa ushahidi.

Mashamba yale yalipogeuka mitaa, mapatano hayakugeuka. Mpaka leo Mombasa utamkuta mtu nyumba ni yake, ya mawe na bati, na ardhi chini yake ni ya mwingine anayemlipa kodi ya kiwanja. Wageni wakisikia hucheka, wakidhani tunawatania. Mtaa wetu umebanana hivi, vichochoro visivyopitisha hata mkokoteni, kwa sababu uliota juu ya vibanda vya walimaji ambao hakuna aliyetarajia wabaki.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Bibi husimulia kwamba nyapara wa mwenye shamba alipita siku moja akakuta mche wa mnazi nyuma ya jiko, umeshafika kiunoni.

"Nani kaupanda huu?"

"Umeota wenyewe, bwana. Nazi ilidondoka."

Nyapara akatazama juu. Hapakuwa na mnazi mwingine karibu wa kudondosha kitu. Akatazama kuku wawili waliofungwa miguu mlangoni, akachukua mmoja, akaenda zake.

Mti huo sasa umeinamia bati la jirani, na kila kaskazi ikivuma jirani huja kulalamika kuhusu nazi zinazomwangukia usiku. Ameshajitolea kumlipa mkataji kwa pesa zake mwenyewe. Bibi humkaribisha vizuri, humpa dafu, na hukataa.