Mzee akikataa maji, angalia njia ya chooni

Kiangazi cha Dodoma huwatesa wazee kuliko tunavyodhani. Mvua zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, tunakaa mpaka Novemba au Desemba tukila vumbi, na upepo haupumziki. Sisi wenye nguvu koo likikauka tunatafuta maji. Kwa mzee ni tofauti, maana umri unavyosogea hamu ya maji hupungua hata pale mwili unapoyahitaji. Mimi naihofia zaidi Juni na Julai, kwa sababu ya baridi. Hakuna anayekumbuka maji wakati wa baridi.

Naishi na mama yangu hapa Nkuhungu. Amevuka miaka 80 na anatumia dawa za presha. Kiangazi kimoja alianza kuona kizunguzungu kila akisimama, choo kikawa kigumu, na jioni moja akaniita kwa jina la shangazi yake aliyefariki zamani. Waliokuja kumjulia hali wote walisema uzee huo, tumwache apumzike. Daktari yeye alianza kwa kumuuliza anakunywa maji kiasi gani. Mama akanyamaza. Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, "Mwanangu, nikinywa nitaamka usiku. Choo kiko kule nje, giza, na yale mawe."

Alikuwa amejipangia mwenyewe: kikombe cha chai asubuhi na maji ya kumezea dawa, basi. Wazee wengi wanafanya hivi kimyakimya, na kumwambia mwanao kwamba unaogopa kwenda chooni ni aibu kubwa. Kwa hiyo kumsisitizia "Mama, kunywa maji" hakusaidii kitu. Kaa naye mkiwa wawili tu, umuulize usiku anapita wapi na anashika nini.

Kwetu mawe yaliondolewa, tukafunga taa ya sola juu ya mlango wa nyuma, na fundi akachomelea bomba la chuma la kushikilia ukutani mwa choo. Seremala alitengeneza kiti kilichotobolewa katikati, kinachowekwa juu ya tundu, kwa sababu magoti yake hayakubali tena kuchuchumaa. Usiku kuna ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda. Naimwaga mwenyewe alfajiri, kabla watoto hawajaamka, na hatuizungumzii. Maji mengi anakunywa asubuhi na mchana, jioni kidogo.

Maji ya visima sehemu nyingi huku yana chumvi, na wazee hawayapendi. Mpe uji mwepesi wa uwele, maji ya ubuyu yasiyo na sukari nyingi, supu, tikiti. Mlenda nao ni rafiki wa mzee asiye na meno: unateremka wenyewe na una majimaji. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo, muulize daktari kwanza kiasi cha maji, kwani kwake mengi yanaweza kudhuru. Angalia pia rangi ya mkojo. Ukifanana na chai ya rangi, hajanywa vya kutosha.

Anayetumia dawa za presha asikurupuke kitandani. Akae kwanza, miguu ikiwa chini, ahesabu pumzi kadhaa, ndipo asimame. Akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani.

Na macho msiyasahau. Ugogoni ugonjwa wa vikope (trakoma) umesumbua vizazi na vizazi, na bado kuna bibi wanaong'oa kope kwa kibano kila wiki kwa sababu zimegeukia ndani na kuchoma jicho. Huo upasuaji wake ni mdogo. Mtoto wa jicho naye huondolewa. Asiyeona vizuri huanguka hata uwe umemwekea taa.

Mzee akianza ghafla kuchanganya maneno au kusahau watu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Yaweza kuwa upungufu wa maji, malaria, maambukizi ya mkojo au kiharusi, na vyote vina matibabu yake. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na inaelekeza asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, na mkifika hospitali ulizeni dirisha la wazee.

Nanyi mlioko Dar au Mwanza na wazazi wako Bahi, Kongwa au Manyoni: mkipiga simu, baada ya shikamoo msiishie "mnaendeleaje". Mzee atajibu "hatujambo" hata akiwa hoi. Ombeni kuongea na anayelala naye nyumba moja, mumuulize jana alikunywa nini, ameanguka lini mara ya mwisho, na usiku anatumia taa gani. Mwaka huu, kabla ya kutuma kitenge cha sikukuu, tumeni kwanza pesa ya fundi wa choo.