Maswali ya Wasomaji: Bundesliga na Refa wa Köln

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanaofuatilia ligi kuu ya Ujerumani, na nyingi zimeandikwa kwa hasira. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo mama wa nyingine.

Mhariri, mimi na kakangu hubishana kila Jumamosi. Mshambuliaji anapigwa ngware ndani ya kisanduku, refa anapunga mkono mchezo uendelee, sisi kwenye runinga tunaona penalti kabisa, na VAR, yaani refa wa video, inanyamaza. Hao watu walioketi Köln kazi yao nini? — Msomaji, Umoja

Ndugu msomaji, anza na swali ambalo refa wa video, anayetazama mechi kwa kamera akiwa Köln, huulizwa. Haulizwi kama hiyo ni penalti. Huulizwa kama refa wa uwanjani amekosea waziwazi. Maswali hayo mawili yanafanana, lakini majibu yake huachana mara nyingi, na humo ndimo zinamozaliwa kelele nyingi za VAR Ujerumani tangu ilipoanza msimu wa 2017/18. Chukua mguso mdogo wa kifundo cha mguu: refa akisema penalti, Köln itamwacha, akisema hakuna kitu, Köln itamwacha vilevile. Wewe na kakako mnaweza kuwa sahihi nyote wawili.

Mambo anayoweza kuyagusa yaliwekwa manne tangu mwanzo: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyopewa mtu asiye mwenyewe. Mpira wa kurusha, frikiki ya katikati ya uwanja na kadi ya kwanza ya njano hayamhusu. Lakini goli likifungwa au penalti ikitolewa, anaruhusiwa kurudisha picha nyuma hadi shambulio lilipoanza. Ndiyo maana goli zuri hufutwa kwa faulo iliyotokea karibu na mstari wa kati, wakati watazamaji wote wameshaisahau.

Sasa tazama mikono ya refa. Kidole sikioni maana yake Köln inakagua. Kila goli hukaguliwa, na mara nyingi ukaguzi huisha kimyakimya. Akichora mraba hewani, ukaguzi umekuwa mapitio rasmi. Hapo kuna njia mbili. Jambo la kupimika, kama kuotea (ofsaidi), mpira kutoka nje, au faulo kuwa ndani au nje ya kisanduku, huamuliwa kwa neno la Köln tu. Jambo la kutafsiri, kama uzito wa rafu au mkono kuunawa mpira, kwa kawaida refa hukimbilia skrini ya pembeni akaone mwenyewe. Akiwa pale angalia mwendo wa picha anazoonyeshwa. Picha ya polepole ni ya kuonyesha mahali pa mguso. Nguvu ya rafu hupimwa kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu kila kiatu kinachogusa mguu huonekana kikatili kikipunguzwa kasi. Mchezaji anayemfuata refa hadi eneo la skrini hula kadi ya njano, na anayechora mraba kwa fujo akidai mapitio pia.

Mfano unaowauma Dortmund hadi leo ni wa Ijumaa, tarehe 28 Aprili 2023, kule Bochum. Karim Adeyemi aliangushwa na Danilo Soares ndani ya kisanduku, refa Sascha Stegemann hakutoa penalti, hakwenda kwenye skrini, na mechi ikaisha 1-1. Baadaye Stegemann alikiri hadharani kwamba alikosea. Msimu ulipoisha, Bayern na Dortmund walikuwa na pointi 71 kila mmoja, na Bayern wakawa mabingwa kwa tofauti ya magoli. Hesabu inavutia: pointi mbili zaidi pale Bochum na ubingwa ungekuwa wa Dortmund. Hata hivyo penalti si goli. Siku ya mwisho, nyumbani dhidi ya Mainz, Dortmund walipewa penalti, Sébastien Haller akapiga, kipa akaidaka, na mechi ikaisha 2-2.

Kwa maoni yetu, ubovu wa VAR ya Ujerumani hauko kwenye kamera. Uko kwenye kipimo kinachohama. Msimu wa kwanza wenyewe marefa wa video waliruhusiwa kuingilia zaidi katikati ya safari, kisha wakarudishwa nyuma, na Novemba 2017 msimamizi wa mradi, Hellmut Krug, akaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Lutz Michael Fröhlich. Shabiki anaweza kuvumilia uamuzi mgumu. Kinachomchoma ni rafu ileile kuwa penalti wiki hii na kutokuwa penalti wiki ijayo. Tangu Februari 2025 marefa walianza, kwa majaribio katika baadhi ya viwanja, kueleza uamuzi wao kwa kipaza sauti baada ya mapitio. Hatua hiyo ilichelewa mno. Mtu aliyelipa tiketi alikuwa akikaa gizani dakika tatu, ilhali sisi wa Nairobi tunaonyeshwa kila pembe.

Kidole cha mguu kuwa ofsaidi ni haki kweli? Na kwa nini mshika kibendera hainui upesi siku hizi, anasubiri mpaka mpira uishie golini? — Msomaji, Kayole

La kibendera kwanza. Ameelekezwa kusubiri pale ambapo shambulio lina dalili ya goli na kuotea kwenyewe ni kwa pengo dogo. Akiinua mapema na refa akapuliza kipenga, shambulio limekufa, na hakuna VAR inayoweza kulifufua. Akichelewa, goli likiwa haramu hufutwa, na likiwa halali hubaki. Ubaya wake ni kwamba mabeki na kipa wanaendelea kugongana katika mchezo ambao ungekuwa umeshasimama.

Kuhusu kidole: mstari huchorwa kwa kuchagua picha ya sekunde ambapo mguu wa mpiga pasi unagusa mpira mara ya kwanza. Kisha hutafutwa sehemu ya mwili ya mshambuliaji iliyo mbele zaidi, na ya beki wa pili kutoka mwisho, kipa akiwa mmoja wao. Sehemu hiyo hushushwa wima hadi kwenye nyasi na mstari unapigwa. Mkono hauhesabiwi, mpaka wa bega na mkono ni usawa wa chini ya kwapa. Kwa hiyo ukiona mshambuliaji amenyoosha mkono mbele akiomba pasi, usimhukumu kwa mkono huo.

Tatizo liko kwenye kuchagua picha. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde huacha pengo la sekunde 0.02 kati ya picha na picha. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 ndani ya pengo hilo. Beki akiwa anapanda kwa mita 5 kwa sekunde upande wa pili, ongeza sentimita 10. Jumla ni 26, na picha haikuonyesha hata moja kati yake. Ukiambiwa ameotea kwa sentimita tatu kwa mistari ya namna hiyo, una haki ya kuuliza mguu uligusa mpira kwenye picha ipi. Msimu wa 2025/26 Ujerumani iliingiza mfumo nusu otomatiki, ambapo kamera hufuatilia viungo vya kila mchezaji na kompyuta huchora mistari. Kazi inakwenda haraka na mkono wa fundi umepunguzwa. Mtu bado huamua kama aliyeotea alimsumbua beki au kumziba kipa, kwa hiyo usitarajie ubishi kuisha.

Rafiki yangu anaapa kwamba kuna mechi ya Ujerumani ambapo wachezaji walitolewa chumbani wakati wa mapumziko kuja kupiga penalti. Nikamwambia ni uongo. Nani mkweli? — Msomaji, Kariobangi

Rafiki yako. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2018, Mainz dhidi ya Freiburg. Refa Guido Winkmann alipuliza mapumziko, wachezaji wakaingia vyumbani. Köln, ambako Bibiana Steinhaus ndiye aliyekuwa refa wa video, ikamwita: beki wa Freiburg alikuwa ameunawa mpira kabla ya kipenga. Winkmann akatazama skrini, akatoa penalti, wachezaji wa Freiburg wakarudishwa uwanjani, na Pablo De Blasis akafunga. Goli liliandikwa dakika ya 45+7, kwa hiyo matokeo rasmi ya kipindi cha kwanza ni 1-0. Mechi iliisha 2-0.

Watu walicheka, lakini kanuni ilifuatwa. Refa hawezi kurudi nyuma mchezo ukishaanzishwa upya. Mapumziko si kuanza upya; dirisha hufungwa pale mpira unapoguswa kuanzisha kipindi cha pili. Hata baada ya hapo vinabaki vitu vichache vinavyoweza kurudiwa: kumpiga, kumtemea mate au kumuuma mtu, na mchezaji aliyeadhibiwa badala ya mwenzake. Penalti iliyosahauliwa ikishapitwa na kuanza upya, imepita.

Kwa nini mechi za Jumamosi huanza saa kumi na nusu miezi mingine na saa kumi na moja na nusu miezi mingine? Nilifika kibandani saa nzima mapema. — Msomaji, Kawangware

Wajerumani husogeza saa zao, sisi hatusogezi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wako nyuma yetu kwa saa moja. Miezi iliyobaki ni saa mbili. Mechi zao za saa tisa na nusu alasiri za Jumamosi kwetu ni saa kumi na nusu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi. Ile kubwa ya jioni ni saa moja na nusu usiku au saa mbili na nusu. Ya Ijumaa ni saa tatu na nusu au saa nne na nusu usiku, kwa hiyo anayetegemea matatu ya kurudi nyumbani apange mapema. Mechi za Jumatatu ziliondolewa kuanzia msimu wa 2021/22. Siku ya 34, ambayo ndiyo ya mwisho, mechi zote tisa huchezwa pamoja Jumamosi, na kwetu ni saa kumi na nusu. Mwishoni mwa Desemba ligi hupumzika. Usilipie kifurushi cha mwezi huo kabla hujatazama ratiba, na usilipie kifurushi chochote kabla hujahakikisha kwamba msimu huu ligi hiyo imo.

Timu zikilingana pointi, Ujerumani hutazama nini kwanza? — Msomaji, Buruburu

Tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga, ndipo matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Uhispania huanza na kukutana, ndiyo maana watu huchanganya. Mwaka 2023 Bayern walimaliza na tofauti ya 54, Dortmund 39, kwa hiyo goli la Jamal Musiala wa Bayern la dakika ya 89, ugenini dhidi ya timu ya Köln, lilitosha kuwapa ubingwa. Chini ya msimamo wa timu 18, mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na ya 16 hucheza nyumbani na ugenini na ya tatu ya daraja la pili.

Mpira unaweza kupita kwenye tundu la wavu ukahesabiwa goli? Na timu iliyoonewa na refa inaweza kudai mechi irudiwe? — Msomaji, Eastleigh

Ulipita, na ukahesabiwa. Tarehe 18 Oktoba 2013, pale Hoffenheim, Stefan Kießling wa Leverkusen alipiga kichwa, mpira ukaenda nje ya mlingoti, ukaingia kupitia tundu la wavu wa pembeni. Refa Felix Brych akaona mpira umetulia ndani, akatoa goli. Leverkusen walishinda 2-1. Hoffenheim walilalamika na wakashindwa, kwa sababu alichoamua refa kuhusu tukio la mchezo hakigeuzwi na mahakama ya shirikisho la soka la Ujerumani. Kabla yake, mwaka 1994, Thomas Helmer wa Bayern alipewa goli dhidi ya Nürnberg ilhali mpira ulipita nje, na mara ile shirikisho liliamuru mechi irudiwe. Bayern wakashinda 5-0. Tangu hapo mlango huo umefungwa, na kanuni za VAR zinasema wazi kwamba hitilafu ya mitambo au uamuzi mbaya wa refa wa video haubatilishi mechi.

Msimu wa 2015/16 zilikuja kamera saba kwa kila goli na saa ya mkononi inayomtetemea refa ndani ya sekunde moja mpira ukivuka mstari mzima. Saa hiyo haingojei Köln na haina maoni, na ndiyo teknolojia ambayo huisikii ikigombewa. Lakini angalia unatazama shindano gani: kwenye kombe la shirikisho, DFB-Pokal, raundi mbili za mwanzo huchezwa bila VAR, na wasaidizi wa refa bado hukagua nyavu kwa mikono yao kabla ya mechi.