Jibu: Mkutano umejaa, lakini wanaoongea ni walewale watano

Umeuliza kwa nini mkutano wako wa hadhara kuhusu barabara mpya ulijaa watu, lakini waliozungumza ni wazee watano tu. Kasoro iko kwenye mpangilio wa kikao. Meza kuu mbele, maikrofoni moja, hotuba saa nzima: hapo anayesimama ni yule aliyezoea kusimama.

Maelezo yasizidi dakika 20. Kisha gawa watu katika makundi ya watu 8 hadi 10 kila moja, wanawake na vijana wakiwa na makundi yao, kila kundi na mwandishi wake. Wape dakika 40 na maswali mawili au matatu. Usiulize "mnaukubali mradi?", maana utaitikiwa "ndiyooo" na hutajua lolote. Uliza "barabara ikipita hapa, nani atapoteza nini?", utandaze ramani waweke alama kwa kalamu. Mwandishi aandike maneno yao yalivyotamkwa. Akigeuza "mtaro utamwaga maji machafu kwenye kisima chetu" kuwa "wananchi walizungumzia maji", hoja imekufa.

Tangazo litoke angalau wiki mbili kabla, likitaja wazi kipi bado hakijaamuliwa. Kama yote yameshaamuliwa, sema ni mkutano wa taarifa, usiuite mashauriano. Watu hunusa haraka.

Wagonjwa, wenye ulemavu na wanaofanya kazi zamu ya saa hiyo, wafuate walipo. Halafu ndani ya mwezi mmoja rudi na jedwali: hoja, uamuzi, sababu. Hapa ndipo wengi huchemsha, na mkutano wa pili wanahutubia viti vitupu.