Huduma visiwani Ukerewe mkiwa na watoto wadogo: waende au wabaki kwa bibi?

Bwana Yesu asifiwe, kaka. Umesema kanisa lenu Dodoma limewaomba wewe na mkeo mwende Ukerewe wiki mbili, mkahudumu kwenye kambi za wavuvi. Mna binti wa miaka 4 na mdogo wake wa miezi 10 ambaye bado ananyonya. Wazee wanashauri watoto wabaki kwa bibi, wifi yangu hataki, na ratiba mliyopewa inagusa visiwa vitano. Mimi na mume wangu tumefanya huduma ya namna hiyo katika visiwa vya Ziwa Victoria, na watoto wetu walikuwa wa umri huohuo. Jibu langu ni hili: nendeni na watoto wote wawili, ila ratiba ya visiwa vitano muikatae mapema, kabla hata hamjakata tiketi.

Nianze na watoto, maana wazee wanawaona kama mzigo wa safari. Ukifika mwaloni (pwani wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki) utaona vijana wengi wa kiume waliotoka Mara, Geita, Sengerema, Kagera, wengine mbali zaidi. Wake na watoto wamewaacha nyumbani. Wanalala kwenye vibanda vya mabati au nyasi, wanahama kufuata samaki, na hela ya usiku mmoja inaweza kuisha asubuhi hiyohiyo kwenye pombe. Watu wa namna hii wamezoea wahubiri wanaoshuka na vipaza sauti, wanahubiri jioni mbili kisha wanaondoka. Hawajazoea kumwona mhubiri anayembeba mtoto wake mgongoni wakati mkewe anapumzika, au baba na mama wanaozungumza kwa heshima mbele za watu. Kwetu, vijana walianza kusogea jioni kwenye baraza tuliyofikia kwa sababu ya watoto. Mmoja anamshika mtoto, anasema na yeye ana wa umri huo kwao, hajamwona tangu azaliwe. Mazungumzo ya maana yanaanzia hapo, na hakuna kipaza sauti kinachoweza kuyaanzisha. Kwa hiyo mkiwaacha watoto kwa bibi mtakuwa mmeacha nyumbani sehemu kubwa ya huduma yenyewe.

Jambo la pili ambalo ratiba yenu haikulifikiria ni mwezi. Nasema mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa unategemea giza: wanawasha taa juu ya maji (zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola), dagaa wanafuata mwanga, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu, kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi ya dagaa inapumzika. Wengine wanakwenda makwao, lakini wanaobaki wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, wanafua, na wana nafasi ya kukaa na kusikiliza. Ukienda wakati wa giza, jioni unayotaka kuhubiri ndiyo saa wanayosukuma mitumbwi majini, na asubuhi unayotaka kuwatembelea wamelala fofofo au wanapigania bei ya ndoo za dagaa. Wavuvi wa sangara na sato wana saa zao tofauti, lakini kambi nyingi zinaendeshwa na dagaa. Fungueni kalenda, tafuteni mwezi mpevu, wekeni wiki zenu mbili ziuzunguke. Mkikosa kila kitu katika maneno yangu, hili mlichukue.

Sasa visiwa vitano. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na kisiwa chenyewe cha Ukerewe ndicho kikubwa kuliko vyote ziwani. Kina mji wa Nansio, hospitali ya wilaya, barabara, soko, machungwa mazuri, na mialo mingi isiyohitaji kuvuka maji zaidi. Kaeni hapo, sehemu moja, wiki zote mbili. Kutoka Mwanza mtapanda meli hadi Nansio, ni safari ya saa tatu na zaidi kidogo. Au mtapita Bunda kwa gari hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko kwenda Rugezi, ambako sehemu ya maji ni fupi. Mwenye mtoto anayetapika kwenye mawimbi achague Kisorya. Visiwa vya nje, kama ni lazima, wewe kaka uende mchana na mwenyeji, urudi siku hiyohiyo, na mama na watoto wabaki. Mtumbwi wa injini uliojaa magunia si mahali pa mtoto wa miezi 10. Na mahali popote mtakapopanda chombo kidogo, jaketi okozi ziwepo, pamoja na za kimo cha mtoto. Za watoto mara nyingi hazipo kule, nunueni au azimeni kabla ya kutoka Mwanza. Nahodha akisema leo ziwa limechafuka, mkutano uahirishwe. Kijana wa kamati ya maandalizi akikupigia kwamba watu wameshakusanyika, mjibu kwa upole na ubaki ulipo.

Mkiwa kule mtakutana na watu waliopoteza ndugu kwenye MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko hicho kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa jirani cha Ukara kikiwa kimezidisha abiria, wakafa watu zaidi ya 220. Wengine wamezikwa palepale Ukara. Nakuomba sana, usilitumie tukio lile kama mfano wa mahubiri kuhusu kufa bila kutubu. Nimewahi kumsikia mhubiri mgeni akifanya hivyo, na nikawaona akina mama wakiinuka mmojammoja na kuondoka. Wakitaka kukusimulia, kaa usikilize, uombe nao.

Afya ya watoto nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo bibi ana haki ya kuogopa. Hofu ya kwanza ya wageni ni malaria, na ni hofu sahihi: chandarua chenye dawa mtoke nacho nyumbani, kile mnachokijua ukubwa wake na hakina matundu, na watoto waingie ndani yake jua linapozama. Homa yoyote, mkapime siku hiyohiyo. Msinunue dawa dukani kwa kukisia, maana dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtoto inafuata uzito. Na hilo liendelee mkisharudi Dodoma: mtoto akipata homa wiki mbili au tatu baadaye, mwambieni daktari mlitoka ziwani.

Lakini kitu ambacho wageni hawakifikirii ni kichocho. Maji ya pwani ya ziwa yanavutia, mchanga ni mweupe, watoto wa kule wanaogelea siku nzima, na binti yenu ataomba kwa machozi aingie. Asiingie. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, na hali ni mbaya zaidi saa za mchana jua likiwa kali. Kwenye pwani na visiwa vya ziwa kinachoenea zaidi ni kichocho cha tumbo, kile kinachokwenda kuharibu ini, kwa hiyo usisubiri kuona damu kwenye mkojo. Kumwogesha mtoto kwa beseni la maji yaliyotoka ziwani dakika hiyohiyo ni sawa na kumwingiza ziwani. Maji ya kuoga yachemshwe, au yachotwe na kukaa kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kabla ya kutumika. Hapo vijidudu vinakuwa vimekufa. Sisi tulikuwa na mapipa mawili ya kupokezana, na watoto walijua pipa la leo ni lipi. Ya kunywa yachemshwe siku zote, hata yaliyokaa, kwa sababu mialo mingi ina vyoo vichache na kuhara kunapita haraka. Bebeni ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji kwa anayehara) na zinki. Ninyi watu wazima mtalazimika kukanyaga maji mkishuka kwenye mitumbwi, kwa hiyo mkirudi mwende kupimwa. Msiende siku ya pili. Subirini wiki sita hadi nane, maana dawa ya kichocho inaua minyoo iliyokomaa na haifanyi kazi vizuri kwa michanga.

Kabla ya yote hayo angalieni kadi ya kliniki. Mdogo wa miezi 10 anatakiwa awe ameshapata surua-rubella ya kwanza ya miezi 9. Kama bado, achanjwe kwanza, safari ifuate.

Kuhusu wenyeji. Msiende kana kwamba mnapeleka injili mahali isipojulikana. Wakatoliki wako Kagunguli, hapohapo kisiwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, na AIC (Africa Inland Church), Wasabato na Wapentekoste wana makanisa yao. Nendeni chini ya mchungaji wa pale, yeye ndiye apange wapi na lini, na barua ifike kwa mtendaji wa kijiji kabla yenu. Viongozi wa mwalo wajulishwe pia. Kama kuna mkutano wa nje wenye vipaza sauti, polisi wapewe taarifa.

Kisiwa hicho kina historia ambayo mmisionari yeyote aijue. Mwaka 1877 watu wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, waliokuwa njiani kwenda Buganda, Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi Desemba. Mtemi Lukonge alikuwa na ugomvi na mfanyabiashara aitwaye Songoro, Songoro akakimbilia kwa wamisionari, wao wakamkinga, na vita vikawakumba wote. Mimi siwahukumu, walimkinga mtu aliyekuwa hatarini. Ila nawaambia wanaokwenda kwamba kambini kuna ugomvi uliokuwepo kabla hamjafika: tajiri wa mitumbwi na vibarua wake kuhusu mgao, kanisa hili na lile kuhusu waumini, mwenyeji na mhamiaji kuhusu sehemu ya kuanikia dagaa. Kila upande utataka mgeni asimame nao. Sikiliza, omba na wote, na mashauri mpelekee mchungaji mwenyeji ambaye ataendelea kuishi nao.

Wifi yangu naye asipangiwe kukaa tu na watoto ndani. Dagaa wanaanikwa na wanawake, kwenye mchanga au kwenye vichanja, kuanzia asubuhi. Aende akiwa na mdogo mgongoni kwa kanga, ainame naye ageuze dagaa, bila Biblia mkononi siku za kwanza. Hawa ndio wanaobeba kambi. Wengi wanalea peke yao, na wapo wanaolazimishwa kutoa miili yao ndipo wauziwe samaki. Maambukizi ya VVU kwenye jamii za wavuvi ni makubwa, wanajua, na wana maneno ambayo hawatayasema mbele ya mhubiri mwanaume hata angekuwa mtakatifu namna gani. Mwanamke anayenyonyesha watamwambia. Ajue mapema kliniki iko wapi na nani pale kanisani anaaminika kutunza siri, ili asibaki na machozi tu ya kuwapa.

Nguo za mitumba na pipi za kugawa msibebe. Kama kanisa lenu lina cha kutoa, mpeni mchungaji wa pale kimyakimya, yeye anajua nani hana. Na picha za watoto wa kambini wakiwa vifua wazi msizitume kwenye kundi la kanisa. Hamngependa wa kwenu apigwe hivyo.

Halafu kuna suala la waliookoka. Wazee watataka idadi. Mvuvi aliyeinua mkono leo anaweza kuwa kambi nyingine mwezi ujao, na jina lake kwenye daftari lenu halitamsaidia. Andikeni namba yake ya simu, kwao ni wapi, na kambi anayotarajia kwenda, kisha mumuunganishe kwa simu na kanisa la huko kabla hamjaondoka. Mume wangu alikuwa anapiga hizo simu yeye mwenyewe, mvuvi akiwa amekaa pembeni yake, na ile sauti ya mchungaji wa upande wa pili ikisema "karibu, nitakupokea" ilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri yetu.

Mimi hupenda sana Matendo 28, Paulo anapotupwa Malta. Kabla hajamwombea mgonjwa yeyote, wenyeji ndio waliomwashia moto yeye kwenye mvua na baridi. Pokeeni ugali wa muhogo na sato mtakaopewa, mkae chini mle. Binti yenu atacheza na watoto wa pale bila kufundishwa. Mwekeeni mipaka ya maji tu, na mtu mzima mmoja awe anamwangalia yeye peke yake kila saa ambayo mko karibu na ziwa. Pangeni hilo kwa zamu na lisikatwe na ibada. Mchana watoto walale, hata kama kuna wageni barazani. Siku ya Jumatano katikati ya safari msifanye huduma yoyote. Mfue, mpike, mkae wanne.

Wazee wakisisitiza visiwa vitano, waombeni wachague vijana wasio na watoto kwa hivyo vingine. Mkishajua mwezi mnaokwenda, andika hapa na jina la mwalo, nitakuambia ninaowajua upande huo wanaoweza kuwapokea.