Maswali na majibu: Nina 16, dila ana 10, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko hapa Dodoma, Nkuhungu, naendesha bodaboda. Nina miezi miwili najifunza blackjack, ule mchezo wa karata, kwenye simu, zile chipsi za bure, hela sijaweka bado. Sheria naijua, yani ukaribie 21 usivuke. Sasa kila nikipata 16 naogopa nabaki hapohapo, dila (mgawa karata) anafunua ana 19 au 20. Nikisema leo nachukua, inakuja kingi nabasti, yani navuka 21. Jamaa wa kijiweni wanasema programu imechezewa. Ni kweli au kuna fomula? Na ile bima wanayoniuliza dila akiwa na ree, niikubali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mimi nimegawa karata kwenye meza za blackjack miaka saba kule Dar kabla sijahamia huku, na hilo swali lako la 16 nimelisoma kwenye sura za watu mara nyingi kuliko nilivyoulizwa kwa mdomo. Mtu anapata 10 na 6, anaangalia karata zake, anaangalia juu kwenye taa, anarudi kwenye karata zake tena kama vile zitakuwa zimebadilika. Karata yangu mimi dila, ile moja iliyo wazi katikati ya meza, haiangalii kabisa.

Na we inaonekana uko hivyohivyo, maana hata swali lako hujaniambia dila alikuwa na nini, hiyo 10 ya kwenye kichwa cha habari nimeikisia mimi kutokana na hizo 19 na 20 unazofunuliwa.

Kwanza hiyo sheria uliyonipa imepinda kidogo. Kazi yako sio kukaribia 21, kazi yako ni kumshinda dila, na unaweza kumshinda ukiwa na 12 tu mkononi kama yeye kabasti. Kinachompa nyumba, yani kasino, faida wala sio uchawi, ni zamu. Wewe unacheza kwanza. Ukibasti chipsi zako zinazolewa palepale, dila akija kubasti na yeye baada ya dakika moja hiyo haikuhusu tena. Nyie wote wawili mmevuka 21 lakini aliyeliwa ni wewe peke yako.

Sasa jioni ukishapaki pikipiki chukua karata za kawaida, hizi mnazochezea arubastini, toa kopa zote 13 uzitandaze kwenye mkeka (mkeka wa kukalia, sio ule wa mpira). Jeki, kwini na kingi zote zinahesabika 10, ukijumlisha na 10 yenyewe unapata karata nne za kumi kati ya 13. Ree ni 1 au 11, unavyotaka wewe. Jifanye una 16 mkononi halafu zigawe kopa zako mafungu mawili, zinazokuokoa na zinazokuua. Zinazokuokoa ni ree, 2, 3, 4 na 5, basi. Kuanzia 6 mpaka kingi zote zinakuua, na hizo ni nane. Nane kati ya 13, yani kama asilimia 62. Kwa hiyo woga wako una msingi. Zirudishe ugawe tena ukijifanya una 12, utaona zinazokuua ni zile nne za kumi tu, asilimia 31 hivi, na bado kila siku nilikuwa naona watu wanabaki na 12 mbele ya kingi yangu kwa sababu wanaogopa kingi nyingine!

Ila kubaki na 16 nako sio usalama. Ukibaki na 16 njia ya kushinda ni moja tu, dila abasti. Basi jiulize, huyu dila atabasti? Dila hana akili yake pale mezani, sisi tunafuata amri: chini ya 17 lazima nichukue, 17 na kuendelea nasimama, hata nikiona kabisa kwamba nikisimama nakulipa. Kwa hiyo ukiniona na 6 wazi, na chini, ile iliyofunikwa, nikawa na 10, mimi ndo mwenye 16 sasa, halafu mimi sina ruhusa ya kuogopa, lazima nichukue, na zile kopa nane zinanisubiri mimi. Dila mwenye 6 anabasti kama mara 42 katika 100. Mwenye 10 anabasti mara ishirini na kitu tu. Umeona tofauti? 16 yako ni ileile, kilichobadilika ni ya kwangu.

Fomula inatoka hapo, na haijatungwa kijiweni, kuna askari wanne wa jeshi la Marekani waliipiga kwa mashine za mahesabu za mezani wakaichapisha mwaka 1956 na kompyuta zikaja kuinyoosha baadaye. Kwa anayeanza shika hivi: ukiwa na 13 mpaka 16 bila ree ya kuhesabu 11, na dila ana 2 mpaka 6, baki, mwache ajiue. Dila akiwa na 7 na kuendelea mpaka ree, chukua mpaka ufike angalau 17. Ukiwa na 12, baki kama ana 4, 5 au 6 tu. 17 ngumu, yani isiyo na ree ya kuhesabu 11, usiiguse. Ukiwa na 11 dabo, yani ongeza dau liwe mara mbili upewe karata moja tu, labda tu dila awe na ree hapo chukua kawaida. Na 10 dabo kama yeye ana 2 mpaka 9. 8 mbili zitenganishe ziwe mikono miwili, ree mbili zitenganishe, ila 10 mbili ziache kama zilivyo maana ni 20 hiyo mdogo wangu unataka nini tena, na 5 mbili zichukulie kama 10 tu. Halafu ree na 6 watu wanaiona 17 wanasimama, hapana, hiyo haiwezi kubasti kwa karata moja, usisimame nayo kamwe.

Turudi kwenye 16 yako mbele ya 10. Kwa fomula unachukua. Ila nisikudanganye, huo ndo mkono mbovu kuliko karibu yote na hakuna fomula ya kuugeuza uwe mzuri. Ukiweka elfu moja moja ukakutana nao mara 100 ukabaki, unapoteza wastani wa elfu 54. Ukichukua unapoteza pungufu ya hapo kidogo tu. Ndo maana unaona kama ukibaki unaliwa na ukichukua unaliwa, ni kweli unaliwa, ila umeanza kulaumu programu kwa kitu ambacho kopa 13 zinakionyesha bure. Mimi siwezi kusimama kumtetea mwenye programu ambayo sijaiona, lakini ushahidi ulionipa bado haujamtia hatiani. Siku ukitaka kuweka hela angalia kama wana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kama una mdogo wako hajafika 18 asiguse hiyo simu.

Bima, lile dau la pembeni kwamba dila ana kumi chini ya ree yake, kataa. Kila mara. Hata ukiwa na 20, hata ukiwa na blackjack yenyewe, yani ree na karata ya kumi kwenye zile mbili za kwanza. Zichukue tena kopa zako: dila ana ree, bima inashinda kama chini ana kumi, na za kumi ni nne kati ya 13. Weka elfu moja mara 13. Mara nne unalipwa elfu mbili, jumla 8,000. Mara tisa unaliwa elfu moja, jumla 9,000. Imebaki hasi elfu moja, kila mizunguko 13. Wateja wangu wengi waliichukua kwa sababu tu ya jina, mtu akisikia bima anaona kama amekatia pikipiki.

Kuna kitu hukuuliza na mi naona ni kikubwa kuliko bima. Angalia maandishi kwenye kitambaa cha meza, au kwenye maelezo ya mchezo huko kwenye simu, blackjack inalipwa 3 kwa 2 au 6 kwa 5. Umeweka elfu 10, ya kwanza inakupa elfu 15, ya pili inakupa elfu 12. Blackjack inakuja kama mara moja kila mikono 21, kwa hiyo kila mikono 21 meza ya 6 kwa 5 inakuchomoa elfu tatu kimyakimya. Ukicheza kwa fomula kwenye meza nzuri ya 3 kwa 2 nyumba inabaki na karibu nusu asilimia juu yako, na ile ya 6 kwa 5 inaongeza kama asilimia 1.4 juu ya hapo, fomula yako yote imeliwa na maandishi ya kwenye kitambaa. Hiyo nusu asilimia nayo ni wastani wa muda mrefu, jioni moja unaweza kupoteza kila kitu ulichobeba bila kukosea hata karata moja. Kuhesabu karata sahau, kwenye michezo mingi ya simu karata zinachanganywa upya kila mkono.

Mwisho, angalia kama kuna kitufe cha kusalimu amri. Sio kila meza inacho. Kama kipo, ile 16 yako mbele ya 10 usichukue wala usibaki, kibonyeze, unatoa nusu ya ulichoweka na mkono unaisha.