Barua kwa mwanangu: akademi inalea mtoto au inachuja tu?

Mwanangu, hamjambo huko?

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku na asubuhi nikaurudia. Unaniuliza umwachie mjukuu wangu aende akademi ya klabu, ile ya kulala huko huko, maana majaribio kapita na wanataka jibu, baba yake anasema nafasi kama hii hairudi, na wewe moyo unasita kwa sababu ana miaka 12 tu na ndo mfupi kuliko wote pale, unaogopa mwaka mmoja tu watamtema. Unajua mi watoto nimewafundisha mpira miaka mingi, kwa hiyo ntakujibu kama baba yako na kama kocha pia.

Ufupi usikunyime usingizi. Mtoto kazaliwa mwezi wa 11. Nchi nyingi vijana wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa kuanzia Januari, maana yake anagombea namba na mtoto aliyemzidi miezi 10 mizima, na kwenye umri huo miezi 10 ni kilo kadhaa na mbio kadhaa. Hili limepimwa nchi nyingi na jibu linakuja lile lile, akademi zimejaa watoto wa miezi ya mwanzo na wa mwishoni ni wachache, yaani kocha anaona mwili anadhani kaona kipaji. Afu kuna kubalehe. Wavulana kwa wastani wanarefuka kwa kasi karibu na miaka 14 lakini kuna wanaowahi na kuna wanaochelewa sana, ndo maana timu moja ya chini ya miaka 14 unakuta mmoja anaota ndevu na mwenzake sauti bado ya kitoto, na wote wanahukumiwa na macho yale yale siku ile ile. Harry Kane, aliyekuja kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza, Arsenal walimwacha hata miaka 10 hajafika. Jamie Vardy alitemwa Sheffield Wednesday sababu ya umbo dogo, akashuka kucheza ligi za chini kabisa na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza na Leicester. Griezmann klabu za kwao Ufaransa zilimkataa kwa ufupi, akalelewa Real Sociedad kule Hispania, na mwaka 2018 akabeba Kombe la Dunia na Ufaransa hiyo hiyo. Sikwambii hivi ili uamini na wako atafika huko, wengi sana wanaotemwa hawarudi tena. Nakwambia ujue kwamba jicho la kocha kwa mtoto wa miaka 12 linakosea, hata kwenye klabu kubwa, na akademi nzuri ni ile inayolijua hilo na kulifanyia kazi.

Wanalifanyiaje? Kuna wanaompima mtoto urefu kila baada ya miezi michache wajue yuko wapi kwenye kukua, afu siku nyingine wanawachanganya watoto kwa ukomavu wa mwili badala ya umri, Uingereza akademi kadhaa zimejaribu hivyo. Yule mdogo anacheza na wa saizi yake anapata nafasi ya kuongoza mechi, na yule mkubwa aliyezoea kusukuma watu analazimika kutumia akili. Shirikisho la Ubelgiji lina timu maalumu za taifa za vijana wanaochelewa kukomaa ili wasipotee njiani. Kwa hiyo muulize huyo kocha, mtoto wangu mnamwona yuko wapi kwenye kukua? Akiwa hana jibu au akikwambia tu "atakula atakua", hapo shika kichwa.

Kabla ya kujibu nenda ukakae uangalie mazoezi mwanangu, ya siku ya kawaida sio siku ya wageni. Usimwangalie mwenye mbio, angalia kinachotokea mtoto akikosea. Mpira unakuja kwa kiungo, hajageuza shingo kuangalia nyuma, anatulia nao, anaporwa, wanafungwa. Kocha mmoja atapiga kelele "toa mpira!" na kuanzia hapo yule mtoto kila akipata mpira anaubutua ili asitukanwe. Kocha mwingine atasimamisha, atamrudisha pale pale, atamuuliza uliona nini kabla pasi haijakufikia, afu wanarudia na safari hii mtoto anageuza shingo mara mbili, anapokea kwa mguu wa mbali na tayari keshageuka. Dakika moja tu hiyo ila ndo kazi yenyewe ya kulea kipaji. Ajax, klabu ya Uholanzi, kwa miaka mingi walimtazama mtoto kwa mambo manne, ufundi, uelewa wa mchezo, haiba na kasi, na kasi ndo ya mwisho kutajwa. La Masia, akademi ya Barcelona, mwaka 2010 watatu wa mwisho kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora duniani, wote walitoka kwao, Messi, Iniesta na Xavi, na hakuna hata mmoja wa kukutisha kwa mwili. Messi mwenyewe alifika akiwa na miaka 13 na tatizo la homoni za kukua, klabu ikagharamia matibabu. Kuna mtu pale alitazama mguu na kichwa akaacha kutazama kimo.

Akademi inayotaka makombe ya chini ya miaka 13 mi naiogopa sana. Kocha wake akifungwa wikiendi anaulizwa, kwa hiyo atapanga wakubwa mbele wapigiwe mipira mirefu, na mjukuu wangu atakaa benchi mwaka mzima. Mtoto hakui benchi.

Na magoti. Akianza kurefuka kwa kasi yatamuuma hapo chini kidogo ya pia ya goti, au kisigino, sio uvivu wala uoga, mfupa unakua na misuli inauvuta. Akademi inayojali inampunguzia mzigo wiki kadhaa, isiyojali inamwambia akaze roho. Uliza nani anaamua mtoto apumzike, kocha au mtu wa tiba.

La kulala huko, hapa nakubaliana na moyo wako kuliko na mkwe wangu, ingawa namheshimu. Hata Clairefontaine, kituo cha taifa cha kulea vijana kule Ufaransa, alikopita Henry na Mbappé, wanachukua wa miaka 13 mpaka 15, wanasoma shule kama kawaida na wikiendi wanarudi kwao kucheza na klabu zao za nyumbani. Miaka 12 ni mapema. Waombe aende na kurudi kwa mwaka wa kwanza, kama kweli wanamtaka mtasikilizana.

Swali ambalo wazazi hawaulizi kabisa, na kwangu mimi linazidi yote: mliowatema mwaka jana wako wapi sasa hivi? Wengi watatemwa, ndivyo kazi hii ilivyo, kwa hiyo akademi utaipima kwa hao. Mtoto aliitwa na mzazi wake akaelezwa kwa heshima, au alikuta jina halipo kwenye karatasi ukutani? Alitafutiwa klabu nyingine? Shule aliendelea nayo? Wakikutajia mmoja mmoja yuko wapi hao watu wanalea. Wakikuonyesha picha za walioenda Ulaya tu, basi hao ni mashine ya kuchuja na mtoto wako kwao ni mchele tu.

Kwenye karatasi kuwa makini. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, FIFA inataka hadi asilimia 5 ya bei igawanywe kwa klabu zilizomlea toka miaka 12 hadi 23, kwa hiyo kila msimu wake una thamani na lazima kumbukumbu za usajili ziwe safi, jina na tarehe halisi ya kuzaliwa, mtu asije akakushauri kupunguza umri. Na akitokea wakala wa kumpeleka nje ya nchi, jua kuvuka mpaka kwa usajili kabla ya miaka 18 kunakatazwa isipokuwa kwa sababu chache sana, Barcelona yenyewe iliadhibiwa mwaka 2014 kwa hilo. Anayekuomba hela ili mtoto aende majaribio nje mfukuze.

Nitumie picha za hiyo fomu kurasa zote, hata zile za maandishi madogo, usisaini kitu wala baba yake asisaini mpaka nimezisoma. Na huyo mchezaji mwambie babu anamuuliza mguu wa kushoto unaendeleaje.

Baba yako.